Suzuki Jimny JB74 kwa barabara za Malindi: foo-wili yenyewe hii hapa

Nianze na jibu manake najua wengi hamna subira. Kama safari zako ni Malindi mjini, Watamu, na Mombasa mara moja moja, hii gari usinunue, utaumia mgongo na utaumia mfuko. Lakini kama wewe ni mtu wa kuingia Mambrui mpaka kule kwenye matuta ya mchanga, unapanda Marafa mvua ikiwa imenyesha usiku kucha, unapeleka vitu Ngomeni, basi Jimny hii iliyotoka 2018, ile ya umbo la boksi wanayoiita JB74, sijaona gari ndogo inayoifikia, na nitaeleza kirefu kwa sababu ubora wake wengi hawauoni, uko chini ya gari, kwa transfa (boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) na ekseli (mhimili unaobeba matairi mawili), sura na taa zake za duara ni mapambo tu.

Mimi yangu ni ya kazi. Nabeba wageni na mizigo midogo kwenda upande wa kaskazini ya mto Sabaki, na huko lami ikiisha unakutana na mchanga mwepesi, maram yenye mawimbi, na masika yakishika kuna tope linalokamata tairi mpaka halina meno tena. Kwa hivo hii ripoti ni ya mtu anayeitegemea gari, na ntasema uzuri na ubaya wake.

Kabla ya Jimny yenyewe hebu tuelewane kwanza kuhusu foo-wili, yaani nguvu ya injini kufika matairi yote manne, manake hapa ndo watu wanapotupa hela. Ile stika ya 4WD nyuma ya gari haikwambii kitu. Magari mawili yanaweza kuwa na stika sawa na moja likapita mchangani likikuacha unashangaa na lingine likazama mita kumi kutoka lamini.

Iko hivi. Ukipiga kona, tairi la nje lina safari ndefu kuliko la ndani, ndo maana kila ekseli inayosukuma ina difu, kazi yake kuruhusu matairi mawili yazunguke kwa kasi tofauti. Ubaya wa difu ya kawaida ni kwamba inagawa nguvu sawa kwa sawa, na nguvu hiyo haiwezi kuzidi ile ambayo tairi dhaifu linaishika ardhi, kwa hivo moja likiwa hewani ama kwa tope laini linazunguka bure na mwenzake aliye pakavu anakaa tu hafanyi kitu. Sasa ongeza ekseli ya pili: mbele na nyuma nazo hazina safari sawa, kwenye kona matairi ya mbele yanapita duara kubwa kuliko ya nyuma. Namna kila kampuni ilivyoamua kulitatua hilo la mbele na nyuma ndo inakwambia gari yako ni ya aina gani.

Aina ya kwanza ni hizi krosova tunazoziona kila mahali, X-Trail, RAV4, CR-V na wenzao. Kawaida yao gari inavutwa na matairi ya mbele, halafu kuna klachi karibu na difu ya nyuma inayoshika kompyuta ikihisi mbele kunateleza. Ni mfumo mzuri kwa mvua na lami, na kwa maram ya kawaida unakutoa vizuri tu. Shida ni mchanga mrefu. Hapo matairi ya mbele yanateleza kila sekunde, klachi inafanya kazi mfululizo, inapata joto, na ikishapata joto sana kompyuta inaiachia ili isiungue na wewe unabaki na gari ya kuvutwa mbele tu, tumbo limeshagusa mchanga. Na nyingi hazina gia ya low, ile ya nguvu nyingi na mwendo wa pole. Nimesaidia kuvuta krosova nyingi kule nyuma ya Mambrui na wenyewe wananiambia "lakini ina foo-wili" kwa uchungu kabisa, na ni kweli inayo, ila si ya kazi ile.

Aina ya pili ni ya Prado. Prado 150 nguvu inaenda mbele na nyuma muda wote, na katikati kuna difu ya tatu inayoruhusu mbele na nyuma zitofautiane, kwa hivo lamini hakuna tatizo, na ukiingia pabaya unaifunga hiyo difu ya kati kwa swichi, halafu low iko. Mfumo huu ni bora kabisa kwa mtu mwenye pesa, sitaki kudanganya mtu. Lakini Prado ina uzito wa zaidi ya tani 2, na kwa mchanga uzito ni adui.

Aina ya tatu ndo ya Jimny, na ya Land Cruiser pikapu zile za miaka yote. Hapa hakuna difu ya kati. Ukiwa 2H gari inasukumwa na nyuma peke yake. Ukiweka 4H, transfa inafunga propela (fimbo inayopeleka nguvu kwa ekseli) ya mbele na ya nyuma pamoja, zizunguke kasi moja, hakuna kujadiliana. Mchangani hiyo ndo nguvu yake: ekseli ya mbele haiwezi kusimama wakati ya nyuma inazunguka, hakuna klachi ya kupata joto, hakuna kompyuta ya kubadilisha mawazo katikati ya safari. Ni chuma kwa chuma.

Na hiyo hiyo ndo hatari yake lamini, naomba hapa msome vizuri. Kwa kuwa mbele na nyuma zimefungwa na kwenye kona zinataka kwenda safari tofauti, lazima kitu kiteleze. Mchangani ama kwa tope matairi yanateleza kidogo, hujui hata. Kwa lami kavu hayatelezi, kwa hivo ule mkazo unaingia kwa propela, kwa gia za transfa, kwa jointi. Usukani unakuwa mzito, gari inaruka ruka ukikata kona kali, matairi yanalia. Nilikwenda kubadilisha oili ya difu kwa fundi mmoja mzee huku kwetu, nikamuuliza ami, zaharibika nini sana hizi gari? Akanijibu hata hajainua kichwa, "Mwanangu, waniletea transfa zimekufa watu wawili, anayekaa na foo-wili lamini ati apate kushika barabara, na asiyeitumia kabisa mwaka mzima." Huyu wa pili nilikuwa sijamfikiria. Akanieleza sehemu za mbele zikikaa bila kuzunguka oili haitembei, sili zinakauka, kwa hivo hata kama huna safari ya porini tafuta barabara ya mchanga uiweke 4H utembee kidogo kila mwezi.

Basi turudi kwa JB74. Injini ni 1.5 ya petroli, farasi 102, nguvu ya kuvuta Nm 130. Kwa karatasi ni kidogo. Lakini gari nzima ina uzito wa kilo 1,100 hivi, na ina chesi ya ngazi kama lori, ekseli ngumu mbele na nyuma, springi za koili, klirensi (nafasi kati ya tumbo la gari na ardhi) milimita 210. Pua yake ni fupi na nyuma imekatwa, pembe ya kuingia mlima ni digrii 37 na ya kutoka 49, kwa hivo unaweza kushuka korongo na kupanda upande wa pili bila kuacha bampa.

Kilichonifurahisha zaidi wamerudisha hendeli ya transfa. Kabla yake kulikuwa na Jimny za kubonyeza swichi, hii ni fimbo kabisa kando ya gia. Kutoka 2H kwenda 4H huna haja ya kusimama, kitabu cha gari kinaruhusu mpaka kilomita 100 kwa saa mradi uko kwa mstari ulionyooka, ingawa mimi napenda kupunguza kwanza. Kwenda 4L, ndo ile low, unasimama, unaweka nyutro ama unakanyaga klachi, unabonyeza fimbo chini na kuivuta. Inaingia kwa sauti ya chuma, taa inawaka kwa dashibodi, na kuanzia hapo kila gia inakuwa na nguvu kama mara mbili na kasi nusu.

Sasa niwaambie kitu ambacho mwenye kuuza hakwambii. Hata hiyo 4L yenyewe, haimaanishi matairi manne yanasukuma muda wote. Kumbuka difu za mbele na nyuma ni za kawaida. Ukiingia kwa mashimo yanayopishana, tairi la mbele kushoto hewani na la nyuma kulia hewani, basi hayo mawili yatazunguka bure na gari itasimama na foo-wili yake. Suzuki dawa waliyoweka ni breki: ukiwa 4L, kompyuta ikiona tairi linazunguka bure inalipiga breki lile moja, difu inadanganyika kwamba tairi limepata kazi, nguvu inahamia upande wa pili. Kuna sehemu njia ya Marafa inapochimbwa na maji kila masika, si barabara kuu, ni kijia cha pembeni cha kwenda mashambani, mabonde mawili yamekaa mshazari. Unaingia, gari inainama upande mmoja, unaona mbingu kwa kioo cha pembeni, tairi moja la mbele linaning'inia. Unaongeza mafuta kidogo, linazunguka, na hapa wengi wanaachia mguu. Usiachie. Shikilia mguu hapo hapo, thabiti, utasikia krrr krrr krrr chini ya miguu kama kitu kinasagika, hiyo ni breki inafanya kazi, sekunde moja mbili, halafu gari inatambaa yenyewe inatoka. Abiria wanashtuka hiyo sauti kila mara. Ukiachia mguu mfumo unaacha na unaanza upya.

Na kuteremka pia. Kwa ule udongo mwekundu wa Marafa ukilowa, breki ni kitu cha kuogopa, matairi yakifunga gari inaenda inakotaka. Weka 4L, gia ya kwanza, toa mguu kwa kila kitu, acha injini iishikilie. Hilo watu wasichanganye lakini: foo-wili inakusaidia kwenda, kusimama haikusaidii. Kila gari lina breki nne, la foo-wili na lisilo la foo-wili, na nimeona watu wanakimbia kwa lami iliyolowa karibu na Gongoni wakijiamini kwa sababu ya stika.

Mchanga wa Mambrui ni somo jingine na hapa Jimny inang'ara. Lakini siri kubwa iko kwa matairi, transfa inafuata nyuma. Matairi ya kiwandani ni 195/80R15, membamba, na kibao cha mlangoni kinasema presha psi 26, wakati vijana wa petroli stesheni wakiona gari ya foo-wili wanajaza 35 bila kuuliza, gari inakuwa inadunda. Ukifika mchanga unapoanza, simama kabla, shuka, toa upepo mpaka psi 15 ama 16. Bonyeza ile pini ya valvu na kijiti, ssssss, hesabu pole pole, pima na geji, usikadirie kwa jicho. Tairi likilegea linatandaza kama mguu wa ngamia, alama yake mchangani inakuwa ndefu, gari inaelea juu badala ya kuchimba. Weka 4H, zima ESP (kompyuta ya kuzuia gari kuteleza) kwa sababu inakata nguvu ya injini pale pale unapoihitaji, ondoka taratibu na ukishaondoka usikatize mwendo, usipige kona kali manake tairi legevu linaweza kutoka kwa rimu. Ukihisi gari inazama, usikanyage mafuta kwa hasira, simama, rudi nyuma kwa alama zako mwenyewe, toa upepo zaidi. Hivo tu. Pampu ndogo ya umeme ya kurudisha upepo ni lazima uwe nayo kabla hujarudi lamini, hiyo usinunue ile ya bei ya chini kabisa, inakufa kwa joto tairi la pili.

Na kwa sababu nimetaja mchanga wa pwani: njia zipo nyuma ya matuta, tumia hizo. Ufuo wenyewe ambapo kasa wanapanda kutaga usiingize gari. Mayai yako chini huyaoni, na alama za tairi zikikauka watoto wa kasa wanaingia humo wanakwama kabla ya kufika majini. Mgeni akinilazimisha picha ya gari na mawimbi namwambia atapata ya miguu.

Chumvi nayo. Gari yoyote ya huku inaliwa, na Jimny ina chesi yenye vipembe vingi vya kuficha mchanga wa chumvi. Visima vingi vya mjini maji yake yana chumvi, kwa hivo ukioshewa gari na maji ya kisima umeongeza tatizo. Mimi nasisitiza maji ya mfereji na mpira uingie chini, kwa springi, kwa chesi ndani, hata kama body itabaki na vumbi. Na ile dawa ya kupuliza chini ya gari kuzuia kutu ipulizwe chuma kikiwa kikavu na safi kabisa, ikipulizwa juu ya chumvi inaifungia humo humo.

Ukienda kununua iliyotumika kutoka Japani, na kwa sheria yetu ya magari yasiyozidi miaka 8 sasa zinapatikana, kuna kitu kimoja usikiache. Habu za mbele za Jimny (kufuli za katikati ya tairi, zinazounganisha tairi na ekseli) zinafungwa na vakyumu (mfyonzo wa hewa) ya injini inayopita kwa mipira midogo myembamba. Mpira ukipasuka ama sili ikivuja, unaweza kuvuta fimbo 4H, transfa ikaingia kabisa, propela ya mbele ikazunguka, na matairi ya mbele hayasukumwi, habu hazijashika. Usijaribu kwa maneno ya muuzaji. Zuia matairi ya nyuma na mawe, vuta hendibreki, injini iwe inanguruma, gia nyutro, weka 4H, inua tairi moja la mbele kwa jeki na ulizungushe kwa mkono. Linaweza kusogea kidogo kutafuta meno, kisha ligome. Likizunguka tu bila kugoma, kuna habu isiyofunga, ama ya upande huo ama ya upande wa pili. Tazama pia kama matairi manne ni saizi moja na yamelika sawa, manake kwa mfumo huu wa kufungana tairi jipya mbele na kipara nyuma ni mkazo kwa transfa kila mita unayokwenda 4H.

Ubaya sasa. Buti haipo. Viti vya nyuma vikiwa juu ni lita 85, mkoba mmoja na jeki mawazo yamekwisha, kwa hivo mimi viti vya nyuma vimelala muda mwingi na hapo ni gari ya watu wawili. Milango mitatu, mama mtu mzima kuingia nyuma ni taabu, na heshima yake inataka umpe kiti cha mbele kila safari. Kwa barabara ya Mombasa upepo wa pembeni unaisukuma, usukani una ulegevu wa ekseli ngumu, kelele ukipita 90 mnaongea kwa sauti. Tanki lita 40, na inakunywa lita moja kwa kilomita 12 ama 13 hivi kwa mwendo wa adabu, mchangani sahau. Kwa usalama Euro NCAP, wale wapimaji wa usalama wa magari Ulaya, waliipa nyota 3 mwaka 2018, mwenye familia alijue hilo.

Otomatiki ama manyuwali? Manyuwali ina gia 5, otomatiki ina 4 tu na kwa barabara ndefu injini inalia. Wengi watanibishia lakini kwa mchanga mimi naona otomatiki ni rahisi, mwendo haukatiki ukibadilisha gia. Kwa Marafa kuteremka nachagua manyuwali bila kufikiri. Yangu ni manyuwali.

Kuna wanaouliza ile ya milango mitano ya India iliyotoka 2023. Foo-wili yake ni ile ile, transfa ile ile, ila umbali kati ya ekseli umeongezeka kutoka milimita 2,250 mpaka 2,590, kwa hivo kwenye tuta kali tumbo litagusa mapema kidogo, na mama atapata mlango wake. Viti bado ni vinne. Kwa mtu wa Malindi mwenye mke na watoto wawili anayekwenda Marafa Jumapili na mjini wiki nzima, ningemwambia achukue hiyo. Mimi kwa kazi yangu nabaki na fupi.